Mgonjwa wa Kumi na Moja

Shinyanga, alasiri, siku moja kabla ya treni yako

Mwanangu Mabula,

Salamu tutapeana kesho stesheni mbele za watu, kwa hiyo hapa naziruka. Sanduku lako la bati nimelifunga kamba mwenyewe. Habari za blanketi, za viatu, na za nani wa kumwamkia ukishuka melini, atakueleza mjomba wako, maana kueleza ndiyo starehe yake. Umekwenda kwake kuaga na najua hatakuachia mpaka umekula ukashiba. Nina saa kadhaa, nina meza na wino. Leo nikishindwa, basi tena.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza ni siku ile barua ya kukupa nafasi ya chuo Kampala ilipofika. Ulikuwa unaizungusha uani kama mtu aliyeokota mbuzi, majirani wamejaa, nikasema nitangoja watoke. Walipotoka nikakwambia kuku wafungiwe. Mara ya pili tulikuwa tunatoka kanisani. Mara ya tatu ni jana, ulipokuwa unanyoa ndevu zako tatu mbele ya kile kioo kilichopasuka. Niliingia, nikakuuliza kama wembe unakata. Ukasema unakata. Nikatoka.

Basi naandika. Kuandika nimekujua kuliko kufunga vidonda, na ndiko kulikoniharibu.

Mama yako Milembe hakufa kwa homa. Hilo nilikudanganya. Alikufa kwa dawa, mimi nikiwa ndiye niliyepaswa kumwangalia. Na yumo ndani ya ile makala unayoipenda, ile unayoibeba kila uendako mpaka imelegea mshono. Ni mgonjwa wa kumi na moja katika jedwali, yule ambaye pameandikwa kwamba aliondoka hospitali kwa hiari yake.

Kama unataka kusimama hapa uende nje kidogo, nenda. Barua haina miguu, utaikuta.

Yule daktari Mzungu aliyeiandika, tuliyemwita Bwana Mizizi, wewe unamjua kwa makala zake, mimi namjua kwa soksi zake zilizokuwa zikishuka. Wakati wa vita alikuwa daktari wa mgodi mdogo wa dhahabu, katikati ya Bugarama na Geita, ambao leo umefungwa na mashimo yake yamejaa maji. Mimi nilikuwa dresa wake, mfunga vidonda na mgawa dawa. Dresa siku zile alikuwa mtu, Mabula. Nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, na tai. Nilikuwa nimebatizwa karibuni, nina Kiingereza cha kutosha na mwandiko mzuri kuliko wake. Watu waliotoka Kahama, Tabora mpaka Kigoma kuja kuchimba walisimama nilipopita. Mama yako alikuwa akiicheka ile tai. Alisema nimejifunga mwenyewe kama mbuzi, nisije nikaibiwa.

Vita vilizuia meli, na vidonge vya kifafa vikakoma kuja. Wagonjwa wakawa wanaanguka motoni, wanaanguka kwenye mashimo, na Bwana Mizizi hana cha kuwapa. Alikuwa na huruma, usije ukadhani nakusimulia habari za mtu mbaya. Aliniuliza kama wenyeji wana chochote. Nikamwambia wapo wenye dawa, na mmoja ni sengi wa mke wangu, yaani shangazi yake, huko Bugarama.

Sikumwambia nilivyojua. Nilijua kwa sababu mama yako mwenyewe alikuwa na kifafa tangu utotoni. Ile alama ya moto kwenye mkono wake wa kushoto, ambayo pengine unaikumbuka hata kama uso umekutoka, aliipata kwa kuangukia mafiga. Nilimwoa nikijua. Nilimpenda, na neno hilo naliandika wazi ingawa wazee wetu hawaliandiki. Lakini pale mgodini nilikuwa namficha. Unajua watu wanavyolisema povu la kifafa, kwamba likikugusa nawe unaangukia humo. Jirani akijua asingekubali tena hata kuazimana sufuria. Nikawa naona aibu, mimi dresa, niliyekuwa nawaambia watu kutwa kwamba ugonjwa huo hauambukizi.

Shangazi huyo aliitwa Nyamizi. Alikuwa mtu wa ugoro na hasira, hapendi wageni, na alimpokea Bwana Mizizi kwa ajili yangu tu. Alimwonyesha mti, namna ya kuchimba, kiasi cha mzizi cha mtu mzima na cha mtoto. Bwana akawa anaandika juu ya goti, mimi natafsiri. Siku ya tatu Nyamizi akasema jambo la mwisho, na alilisema polepole akinitazama mimi, maana alijua yule mwingine hasikii Kisukuma.

Alisema, "Dawa hii inampeleka mtu mbali. Aliyekwenda mbali anaitwa. Mnakaa naye ninyi ndugu zake, mnamwita jina, kutwa nzima, mpaka jua lizame. Akiitika akakutaja wewe uliyemwita, yupo. Akiguna tu, hayupo. Hapo mkalisheni, mmwagieni maji, msimwache alale, na dawa hiyo asiione tena."

Kisha akaeleza kwamba kuita huanza na majina ya mababu wa mgonjwa, ndipo lifuate la kwake. Hapo ndipo tai iliponibana. Katekista alikuwa ametukataza majina hayo, na mimi nilikuwa na msalaba kifuani wala haujapata kutu. Bwana Mizizi akaniuliza bibi anasema nini kirefu hivyo.

Nikamjibu, "Ni mambo ya mizimu, bwana. Hayana maana."

Akafunga daftari. Nyamizi akaniuliza kwa Kisukuma kama nimemwambia. Nikasema nimemwambia. Uongo mara mbili kabla uji haujapoa, wa kwanza ili nionekane nimesoma, wa pili ili nionekane mkwe mwema.

Na ujue kwamba sikuwa mjinga wa jambo lile. Nilikwisha kuliona kwa macho. Mwaka tuliooana mama yako alipewa dawa hiyo pale pale Bugarama, na ndugu zake wakakaa chini ya upenu toka asubuhi wakipokezana. Milembe. Milembe. Naye anajibu kwa sauti ya usingizi, "Naam, sengi," "Naam, kaka," na mimi nikaita, akasema, "Naam, mume wangu mwenye makelele." Wakacheka wote. Kuita kule ndiko kulikuwa kipimo. Mtu anayeweza kumtambua aliyemwita, ubongo wake ungali unafanya kazi. Umesoma sayansi, mambo haya utayasema kwa maneno mazuri kuliko mimi. Nyamizi aliyasema kwa maneno yake, nami nikayatupa kwa sababu ya nguo yalizovaa.

Tukaanza wodini. Wagonjwa kumi wa kwanza walikuwa wachimbaji na jamaa zao, Wasukuma na Wasumbwa karibu wote. Walipewa mzizi uliosagwa na kupimwa kwenye mizani ya dawa, na wote kumi walifanya vizuri. Bwana Mizizi alikuwa haamini macho yake. Lakini sikiliza kisichoandikwa. Kila mmoja wa wale kumi alikuja na ndugu zake, na ndugu walijua la kufanya bila kuambiwa na mtu. Walikaa kando ya kitanda wakiita kutwa. Wawili kati ya wale wagonjwa waliguna tu, nikaona mama zao wanawainua na kuwamwagia maji, nami nikapita na sinia langu kama sikuona. Kwenye daftari la wodi niliandika "ndugu wana kelele." Bwana naye alichoshwa na kelele hizo. Alitaka kuona dawa peke yake inafanya nini kichwani mwa mtu, kukiwa kimya.

Hapo ndipo alipotaka mgonjwa asiye na ndugu karibu.

Mama yako alikuwa amezidiwa mwaka ule. Baada ya kumpoteza yule mtoto aliyekufuata, alikuwa anaanguka hata mara mbili kwa wiki. Siku moja alianguka kisimani mbele ya wanawake wa mgodi, siri ikatoka. Nikamwendea Bwana Mizizi nikamwambia, mke wangu. Akafurahi, si kwa ubaya, alifurahi kama fundi aliyeletewa mbao alizokuwa akizitafuta. Nikampeleka mama yako wodini asubuhi, wewe nikakuacha kwa jirani, una miaka minne na kibuyu chako cha maziwa.

Aliitazama ile wodi, akaona hapana mtu wa kwao. Akaniuliza, "Wewe ndiye utakayeniita?"

Nikasema, "Ndiye mimi."

Akanywa.

Sasa nikwambie nilikuwa wapi, maana hili ndilo nililolificha hata kwa padri. Sikuwa nimelewa, wala sikuitwa kwa mgonjwa mwingine. Nilikuwa chumba cha pili, hatua ishirini, nanakili makala. Lori la mgodi lilikuwa liondoke saa kumi alasiri kwenda Isaka na mfuko wa barua, likikosa treni tungoje majuma. Bwana Mizizi alitaka makala yake iwahi. Mashine ya chapa ilikuwa imeharibika, na mwandiko wake hausomeki, basi akaniomba mimi. Nikaona nimepewa cheo. Niliandika kurasa zile kwa kalamu ya nibu, mistari imenyooka, herufi za jedwali zimesimama kama askari. Nilifika kwenye mgonjwa wa kumi na moja. Bwana akasema andika kwamba anaendelea vizuri, si tumempa dozi ileile? Nikaandika. Mahali pa jina lake sikuandika jina, niliandika namba, na jinsia, na umri wa kukisia.

Saa sita nilinyanyuka, nikaenda mpaka mlangoni mwa wodi na kalamu mkononi. Nikaita, "Milembe." Mara moja.

Akaguna.

Niliisikia ile sauti, Mabula, na nilijua ni nini. Kwa muda wa kumeza mate nilijua. Halafu nikaiona karatasi kichwani mwangu, ukurasa uliobaki nusu, na lori. Nikajiambia amejibu. Nikaandika kwenye daftari la wodi: Saa sita, ameitwa, amelala salama. Nikarudi mezani. Mwandiko wa nusu ile ya mwisho ni mzuri kuliko wa mwanzo, nimeutazama baadaye.

Lori liliondoka saa kumi kamili. Nikafuta kalamu, nikanawa wino, nikaenda kumwita mke wangu. Mkono wenye alama ya moto ulikuwa unaning'inia nje ya kitanda, umeshapoa.

Bwana Mizizi alikuja akamgusa, akakaa kwenye kitanda cha pili na kofia yake magotini. Alilia, nilimwona. Kisha akaniuliza, na bado namsikia, kama yule bibi aliwahi kusema chochote kuhusu kumwangalia mgonjwa. Hapo mlango ulikuwa wazi. Ningesema ndiyo, makala ingesimamishwa kwa simu kutoka Isaka kabla haijafika Tabora. Nikasema hapana. Kwa sababu ningesema ndiyo, ningekuwa nimesema kwamba nimemuua.

Akaigeuzageuza kofia yake. Halafu akasema huenda ilikuwa homa, maana alikuwa na joto jana yake, na mgonjwa mmoja mwenye homa hawezi kuharibu kazi itakayosaidia maelfu. Akasema ingekuwa bora tukiandika ametoka. Nikalivuta daftari nikaandika kwa mwandiko wangu: Ametoka kwa hiari yake. Karatasi za masahihisho zilipokuja kutoka Ulaya miezi mingi baadaye, nikalirekebisha jedwali lifanane. Hakuna aliyenishika mkono.

Tulimzika Bugarama. Nyamizi hakulia mbele za watu. Watu walipokwenda kula alikuja nilipoketi.

"Baba Mabula," alisema, "nani alikuwa anamwita?"

"Mimi."

"Uliita mara ngapi?"

Akakaa kidogo kama mtu anayengoja mwingine amalize kutafuna, kisha akaondoka. Tangu siku ile hakuitikia salamu yangu, na dawa ile hakumchimbia mtu tena mpaka naye alipokufa. Watu wenye kifafa walitembea siku mbili kuja kwake akawarudisha. Hao nao niwahesabu wapi, sijui.

Makala ikatoka. Ilikuwa na maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza, yanayomshukuru dresa wake mwaminifu kwa msaada wa kutafsiri, na jina langu limeandikwa bila kosa hata la herufi moja. Nikaambiwa hilo ni jambo kubwa, watu wengi wa rangi yetu hawajaliona. Ukweli wenyewe, nilifurahi. Nilikuwa mjane wa mwaka mmoja tu na nikafurahi kuona jina langu katika chapa. Mtu asikudanganye kwamba majonzi yanaua majivuno. Yanalala kitanda kimoja.

Kisha zikaanza barua. Edinburgh, Bombay, Nairobi, mji mmoja wa Amerika ambao sijui kuutamka, wote wanataka mzizi. Nikawa nasaga, nashona magunia madogo, napeleka Isaka. Bwana Mizizi akaandika makala ya pili kuhusu panya, ya tatu kuhusu sungura, ya nne sikuielewa. Alirudi kwao akawa mwalimu mkubwa. Na kila alichoandika kilianza kwa kusema, kama nilivyoonyesha kwanza. Wewe ndiye uliyenifafanulia, likizo ile uliyorudi kutoka shule ya Tabora, kwamba ukubwa wa mwanazuoni hupimwa kwa wenzake wangapi wanamtaja, na kwamba mwishoni mwa kila makala pana orodha ya waliotangulia ambao mwandishi ameegemea. Ulinionyesha orodha tatu, jina la Bwana Mizizi limo zote. Ulisema ni kama ukoo, Baba. Nami nikawa nawaza kwamba ukoo wote huo umemkalia mwanamke mmoja, na hakuna anayejua kama yupo pale chini.

Unakumbuka ulipoisoma kwa mara ya kwanza? Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulisoma kwa sauti, unachechemea kwenye maneno marefu, ukafika kwenye jedwali ukalipitisha kidole. Ukaniuliza, "Baba, huyu wa kumi na moja alipona?"

Nikakwambia, "Alikwenda kwao."

Ukaendelea na ukurasa uliofuata.

Ningeweza kufa na hayo yote. Watu wanakufa na makubwa zaidi. Kilichonitoa ni wewe mwenyewe, uliporudi kutoka kwenye usaili. Ulisema yule mwalimu wa Kampala alilitambua jina langu, akainuka akakupa mkono kwa ajili yangu. Ulisema ameanza kuwapa mzizi ule wagonjwa wa wodi moja huko, kwa dozi ileile ya makala, na kwamba wewe ukipata nafasi utakuwa msaidizi wake jioni baada ya masomo. Macho yako yalikuwa yanang'aa. Nikakuuliza hao wagonjwa hukaa na ndugu zao? Ukanicheka kidogo, ukasema, hapana Baba, hiyo ni hospitali ya kisasa, wodi iko kimya kabisa.

Tangu hapo chakula hakina ladha. Mke wangu alikuwa wa kumi na moja wetu. Wao huko watakuwa na wa kwao, na wewe ndiye utakayekuwa umeshika daftari.

Kuna moja zaidi na utanichukia kwalo kuliko yote. Ile barua ya sifa iliyokupa nafasi mbele ya wenzako, iliyotoka Ulaya kwa Bwana Mizizi, niliiomba mimi. Sikumtishia. Nilimkumbusha tu kwamba mtoto wa Milembe amekuwa mkubwa. Alijibu kwa posta ya kwanza. Una akili, Mabula, ningeapa kwa hilo popote, pengine ungepita bila yeye. Lakini hatutajua, na hilo nimekuibia.

Mara ya kwanza niliyoiandika barua hii, juma lililopita, niliimalizia kwa kusema nakuachia wewe uamue, umwambie mwalimu au usimwambie. Nikaisoma, nikaona ni mimi yuleyule wa mlangoni, nimeita mara moja nikarudi mezani. Nikaichana. Daftari la wodi lilipaswa kuchomwa mgodi ulipofungwa, lakini ukurasa ule niliukata nikauhifadhi ndani ya Biblia, mahali nilipojua hutatafuta. Leo asubuhi, ulipokuwa unaosha miguu, nilikwenda posta. Nimempelekea yule mwalimu ukurasa wenyewe, na maelezo yote, jina la mama yako, na maneno ya Nyamizi yote bila kupunguza mababu. Nimeandika kwamba wewe hukujua. Karani ameigonga bahasha muhuri mbele yangu. Bahasha hiyo itasafiri kwenye treni ileile utakayopanda wewe kesho, behewa la barua, na meli ileile ya Ziwa.

Huenda wakasema mwongo huzaa mwongo wakakurudisha. Huenda wakakuacha usome na wasikutazame usoni. Huenda yule mwalimu akaitupa, maana naye ameshaandika makala zake juu ya ile, na mtu hapendi kung'oa nguzo ya nyumba aliyolala. Akiitupa, hapo itakuwa zamu yako, na mimi sitakuwapo kukuonyesha cha kufanya. Ningekuwapo pia nisingekuwa mfano. Nami mwenyewe, kazi yangu ya bohari la dawa sidhani kama itaendelea. Si kitu, nina shamba.

Lililobaki ni dogo. Nimekaa na madaftari ya wagonjwa miaka zaidi ya ishirini, na hili ndilo ninalolijua kwa hakika: usiandike mtu amelala mpaka umemgusa. Na mtu akikueleza jambo refu, usilifupishe kwa sababu sehemu yake inakutia haya. Sehemu ile ndiyo iliyoniponyoka mimi.

Jina lake lilikuwa Milembe binti Jilala, wa Bugarama. Alikuwa na miaka ishirini na minne, si ishirini na tano kama ilivyo katika jedwali. Alipenda viazi vilivyoungua kidogo. Hakuondoka kwa hiari yake. Alikuwa ananingoja.

Barua hii naiweka juu ya sanduku, uikute ukirudi kutoka kwa mjomba. Sitabisha mlango wako. Kesho tutakwenda stesheni, kama utakubali tuongozane, na nitabeba upande mmoja wa sanduku. Treni ikianza kusogea nitakuita kwa jina. Nitaita zaidi ya mara moja, hata watu wakinishangaa mzee mzima. Ukishindwa kuitika nitaelewa, nami nitabaki pale naita mpaka behewa la mwisho lipite. Lakini ukiweza, mwanangu, usigune tu. Nitaje mimi niliyekuita, nijue kama bado upo.

Baba yako,
Elikana